Isome Kanga Kabla ya Kuilipia

Mwanangu Salma,

Assalaam alaykum. Sisi huku Wete hatujambo, ila baba yako na magoti yake. Barua hii anakuletea kaka yako kwa boti, pamoja na mfuko wa zawadi za kupeleka Rustaq, Omani, kwa Bi Zuwena. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu unanijibu "ndiyo mama" na akili yako iko kwengine.

Uliniambia umetenga pesa ununue tende nzuri pale Darajani, na halua. Tende, Salma? Za kupeleka Omani? Hiyo ni sawa na kumpelekea mvuvi wa Tumbe dagaa. Na halua usiniambie kabisa. Mwaka 1998 nilibeba kilo tatu za halua ya hapa kwetu, mkono mmoja umekufa ganzi njia nzima. Wakaila kwa heshima yangu, wakaisifu, kisha wakaleta yao ya zafarani na marashi mawaridi. Nikanyamaza nikala.

Lakini halua si kitu mbele ya ile kanga. Safari hiyohiyo nilinunua doti nne kwa mara moja, nikichagua rangi tu, kwa vile boti ilikuwa inangoja. Moja ya zambarau, nzuri kweli, nikampa mkwe wa Bi Zuwena, biarusi ambaye hata mwezi hajamaliza nyumbani humo. Yeye Kiswahili hakijui, akampa mama mkwe amsomee jina. Imeandikwa: "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Bi Zuwena akaisoma kimya, akamwambia kwa Kiarabu kuwa ni dua ya kheri, akaikunja. Usiku akaniita jikoni akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Lakini wifi zake wanasoma, mwanangu."

Basi ukifika dukani, ifungue kanga yote, usome jina lake, halafu ujiulize nani ataivaa na nani atamwona ameivaa. Maneno ya mafumbo waachie wanaogombana. Tafuta za dua, za shukrani, za kumsifu mama. Na chagua pamba nzito. Hizi nyepesi za siku hizi ukizifua mara mbili unaona ukuta kupitia kitambaa. Ukishanunua, mpelekee fundi azikate na kuzipinda. Doti isiyokatwa hukaa kabatini mwaka mzima ikingoja mtu apate nafasi, iliyopindwa huvaliwa usiku uleule.

Nimesikia mjukuu wa Bi Zuwena ana mimba ya miezi saba. Huyo mchukulie doti mbili laini zaidi ya zote, moja ya mbeleko, moja ya kujifunga akishajifungua. Mimi nimetia kwenye mfuko kanga zangu tatu kuukuu, nimezifua na kuzipiga pasi, za kukata winda. Usione haya kuzitoa. Kitambaa kilichofuliwa miaka kumi hakimkwaruzi mtoto, na Bi Zuwena atajua maana yake kabla hujafungua kinywa. Alizaliwa hapahapa Wete, akaondoka kigori baada ya Mapinduzi ya 1964. Familia yake ilihangaika kwengine mpaka Sultan Qaboos alipotwaa nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi. Nyumbani kwake mpaka leo mchuzi unaungwa kwa nazi, na ukikosea salamu atakurekebisha.

Kofia iliyomo kwenye kikasha ni ya Mzee Said. Usiikunje wala usiikalie. Nimeishona miezi miwili na nusu, vitobo vyote kwa mkono. Huko wanaiita kumma, na madukani zimejaa za mashine, lakini mwanamme anayejua kofia huigeuza kwanza ndani aangalie mishono. Ugumu wake ni kipimo. Nusu inchi ikizidi, inamshukia masikioni. Ikipungua, inakaa kama kifuu juu ya dafu. Kwa hiyo mwaka jana niliomba wampime kwa uzi, waukate pale ncha zinapokutana, waniletee na mtu. Wewe nawe kabla hujanunua chochote cha kuvaliwa, uliza kipimo. Watu wanaona aibu kuuliza kwa kuogopa kuharibu mshangao, matokeo yake ni kofia za kutundikwa ukutani.

Majirani wa Bi Zuwena hawana habari na Kiswahili, kwao kanga ni nguo tu. Wapelekee viungo: iliki, maana kahawa yao haikamiliki bila iliki, mdalasini wa vijiti, na karafuu kidogo. Karafuu nunua ya paketi dukani na risiti ibaki nayo. Unajua Serikali na karafuu zake, usije ukasimamishwa uwanjani kwa gunia la shamba la mjomba. Wape kwa mkono wa kulia. Wakiweka pembeni bila kufungua, usidhani wamedharau, hata sisi tuliolelewa vizuri hatupasui zawadi mbele ya mgeni. Pakiti ziwe ndogondogo na zilingane, maana mabaraza yao yanakutana.

Bangili za magamba ya kasa alizokupa shangazi yako ziache nyumbani. Zimekatazwa kuvushwa, na kasa wenyewe wanataga huko kwao Ras al-Hadd, utawaonyesha nini?

Kuna mmoja ambaye wageni wengi humsahau. Bi Zuwena ana dada anayemsaidia kazi, mtoto wa Tanga, mwaka wa tatu huu hajaja kwao. Huyo usimpe masalio ya mfuko. Mpigie simu mama yake kabla hujasafiri, namba kaka yako anayo, umuulize mwanawe anakumbuka nini. Pengine ni dagaa, pengine ni picha ya mdogo wake aliyemaliza skuli. Kama ni dagaa, funga mifuko mitatu na uweke mbali na kofia, nakuomba. Na umpe hadharani, Bi Zuwena akiwepo na akijua. Zawadi ya siri kwa mtu anayefanya kazi nyumba ya watu inaweza kumletea maswali wewe ukiwa umesharudi.

Nauli ya mzigo sijui wanatoza vipi siku hizi. Uzito ukizidi, punguza viungo, kisha nguo zako. Winda zisipungue.

Ndani ya kofia utakuta ule uzi wa kipimo nimeuviringisha kwenye karatasi. Mpe Mzee Said aijaribu kofia, kisha nirudishie uzi. Nikisikia imemkaa sawa, nitaanza ya mwanawe mkubwa, wanasema vichwa vyao vimefanana.

Mama yako