Siku tatu kwenye depo yako kabla ya kuandika programu

Wateja wengi wakifika kwetu mara ya kwanza wanauliza: "Papa, programu ya depo ni dola ngapi?" Ni swali la mtu anayeheshimu pesa yake, na tunaliheshimu. Ila siku hiyo hatulijibu. Tunaomba kwanza siku tatu za kukaa kwako, pembeni ya yule anayeshika sanduku la pesa, tukiangalia na kuandika kwenye daftari. Siku hizo zinalipiwa. Wengine wanashangaa, wachache wanaondoka. Makala haya tumewaandikia hasa wale wanaoondoka, wajue walikuwa wanaombwa nini.

Sisi ni watu wanne hapa Lubumbashi. Tunaandika programu za kompyuta, za biashara moja moja, kama fundi wa cherehani anavyompima mtu mmoja mmoja. Fundi mzuri anaacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono: ukinenepa anaachia, nguo haitupwi. Mwenye nguo hakioni kitambaa hicho siku ya kuichukua. Anakiona mwaka wa pili.

Kuna mama mmoja wa Ruashi, hapa hapa mjini, anayeuza unga wa mahindi. Unga wake unatoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, anaununua kwa dola na kuuuza kwa franka. Alikuja kwetu na programu aliyokwisha kuinunua kwingine. Haikuwa inazima, wala kusumbua. Shida yake ilikuwa moja: kila mwezi ilimwambia amepata faida nzuri, na kila mwezi pesa ya kurudia mzigo haikutosha. Alikwisha kuanza kumshuku kijana wake wa dukani.

Tulipofungua programu ile tukakuta kiwango cha dola kimewekwa mahali pamoja tu. Mama akikibadilisha asubuhi, mauzo yote ya nyuma, hata ya miezi mitatu iliyopita, yanahesabiwa upya kwa kiwango cha leo. Tuseme mfuko mmoja aliununua kwa dola 14, akauuza franka 42,000 siku ambayo dola ilikuwa franka 2,800. Hiyo ni dola 15, faida ni dola moja. Kisha dola ikashuka hadi franka 2,300. Programu inazichukua franka 42,000 zile zile, inazigawa kwa 2,300, inapata dola 18 na senti 26. Faida ya dola moja imekuwa dola 4 na senti 26, bila mtu kuuza kitu. Kwa mifuko 100, karatasi inasema dola 426 na ukweli ni dola 100. Mama alikuwa analipa karo na kukopesha ndugu kwa faida iliyokuwa kwenye kioo cha kompyuta peke yake. Franka zenyewe alikwisha kuzibadilisha zamani, kwa kiwango cha siku ile.

Kijana hakuiba kitu. Hilo ndilo lililotuuma zaidi katika kazi ile: kosa la mwandishi wa programu lilikaribia kumtoa mtu kazini.

Dawa yake si ngumu ukishaona ugonjwa. Kila mauzo yanabeba kiwango cha siku yake, kimeandikwa kama kwa kalamu, hakiguswi tena. Lakini kuuona ugonjwa kulihitaji kukaa pale. Siku ya pili alikuja mteja akatoa noti ya dola 20, akaongeza franka, kiasi kilichobaki akakituma kwa M-Pesa, na chenji akarudishiwa kwa franka. Yote hayo ni mauzo mamoja, na mama aliyamaliza kichwani kabla hatujaandika mstari wa kwanza. Hakutuambia kabla kwamba watu wanalipa hivyo, kwa sababu kwake ni jambo la kila saa, nani atafikiria kulieleza? Tungemtumia karatasi ya maswali asingeliandika. Siku ya tatu tukaona bahasha chini ya meza, ndani yake noti za dola zenye mpasuko mdogo. Wauzaji wa jumla wanazikataa. Katika hesabu ni pesa, lakini haziwezi kununua unga. Programu yake mpya ina sehemu ya noti hizo, na jioni sanduku linahesabiwa kwa mafungu: dola nzima, franka, pesa ya simu, na bahasha. Hatuyageuzi kuwa namba moja, maana mkononi si kitu kimoja.

Wakati tukikaa tunaangalia pia umeme unapokatika, kwa sababu unakatika, na kila depo ina desturi yake ya dakika hizo. Mauzo mamoja kwa kompyuta ni mambo kadhaa: mifuko ipungue kwenye stoki, pesa iongezeke kwenye sanduku, deni liandikwe kama mteja hajamaliza kulipa. Umeme ukizima katikati, programu iliyoandikwa ovyo inaweza kupunguza mifuko bila kuongeza pesa. Tunazifunga hatua hizo pamoja: ama zote zimeandikwa, ama hakuna iliyoandikwa. Na risiti inatoka kwenye mashine baada ya maandishi kutua kwenye diski, kamwe si kabla. Intaneti nayo tunaichukulia kama mgeni: ikiwepo, karibu; isipokuwepo, depo inauza kama kawaida, na mauzo yanatumwa mtandao ukirudi.

Na sisi tumekosea. Duka la dawa linalofanya kazi usiku lilitupa kazi, tukaiweka seva, yaani kompyuta inayotunza mauzo yote, kwenye saa ya Kinshasa. Nchi yetu ina saa mbili: Lubumbashi iko saa moja mbele. Saa sita na nusu usiku hapa, Kinshasa bado ni saa tano na nusu, tena ni jana. Kwa hiyo dawa zilizouzwa baada ya saa sita usiku ziliandikwa kwenye tarehe iliyopita, na mwenye zamu akawa kila asubuhi ana pesa isiyolingana na ripoti. Zilipita wiki mbili kabla hatujaelewa. Tulirekebisha bila kudai franka, tukasahihisha tarehe za wiki zote mbili, tukakaa na wafanyakazi wa zamu kuwaeleza kwamba kosa lilikuwa letu.

Baada ya hapo tuliandika jaribio dogo, yaani programu inayoipima programu. Inauza dawa ya kubuni saa sita na nusu usiku na kuangalia kama imeingia tarehe sahihi. Jaribio hilo linajiendesha kila tunapobadilisha kitu, hata kitu kisichohusu saa. Kila programu yetu ina mamia ya majaribio ya namna hiyo, na mengi yamezaliwa na kosa la kweli. Kuyaandika kunachukua sehemu kubwa ya muda unaotulipia. Ukilinganisha bei yetu na ya mtu mwingine, muulize kama anayo. Kama anayo, bei yake ni ya kulinganishwa. Kama hana, anakuuzia nguo isiyo na kitambaa ndani ya mshono.

Mengine ni mafupi. Kila baada ya wiki mbili tunakuletea kitu kinachofanya kazi, ukiguse mwenyewe, si picha. Hakuna mstari unaoingia kwenye programu yako kabla mtu wa pili kati yetu hajausoma. Programu na nywila zake zote ni mali yako na mkataba unasema hivyo, ili siku ukitaka fundi mwingine aendelee, umkabidhi bila kutuomba ruhusa. Baada ya kumaliza kuna malipo madogo ya matunzo kila mwezi, kwa sababu kiwango cha TVA, ile kodi ya ongezeko la thamani, kinaweza kubadilika, simu zinabadilika, na biashara yako inabadilika kuliko vyote.

Kuna kazi tunazokataa. Kama daftari na Ekseli vinakutosha, tutakuambia, na utatulipa zile siku tatu tu. Kama unataka programu yenye hesabu mbili, moja ya kwako na nyingine ya kumwonyesha mtu wa kodi, hatuiandiki.

Mwisho wa siku tatu unapata kurasa chache kwa Kiswahili au Kifaransa, upendavyo: biashara yako inavyofanya kazi kama tulivyoiona, pesa inapopotelea, kinachofaa kuandikwa kwanza, na bei yake kwa dola. Kurasa hizo ni zako hata kama kazi utampa mwingine.

Ukija kuonana nasi, usijisumbue kutafuta maneno ya kompyuta. Leta daftari la madeni kama lilivyo, hata lenye mafuta na kurasa zilizokatika, na risiti za wiki moja. Na kama inawezekana, njoo na yule anayehesabu pesa jioni.