Ungekuja tu, mvua haijaua mtu

Oya mambo vipi, wazima huko? Mimi niko poa ila mafua, na mafua yenyewe nayajua yalikotoka. Najua tumekaa kimya muda mrefu wote wawili, tuyaache hayo, nakuandikia fasta kwa sababu Mwenyekiti anataka tupige kura: siku ya klabu yetu ya uvuvi mvua ikinyesha, inaahirishwa. Eti watu wanakuja kustarehe sio kulowana. Jamani! Mtu kavaa suruali ya mpira mpaka kifuani, kasimama mtoni, halafu anaogopa maji ya juu?

Ngoja nikwambie ulichokosa. Asubuhi yalikuwa manyunyu tu, mawingu yako chini, na pale maji yanapotulia chini ya mawe wale wadudu wadogo wa kijivu wakaanza kutoka, si unajua wanavyopenda siku za hivyo, na kwa ule unyevu mbawa hazikauki haraka basi wanabaki wanaelea juu ya maji, samaki wetu trauti wanawaokota mmoja mmoja, pua inatokeza, kiduara, kwisha. Shida ikawa nzi wetu wa kuelea, wale wa bandia tunaowafunga kwenye ndoano. Unampaka ile dawa ya kumfanya aelee, unarusha mara mbili kazama, unamfuta na shati, shati lenyewe chapachapa. Mshipi nao unagandia kwenye fimbo hautaki kutoka. Mweka Hazina alitukana siku ile, we acha tu. Mi nikaona isiwe tabu, nikafunga wa kuzama, nikamwacha apite chini kidogo tu ya uso wa maji, mambo yakaanza kujibu.

Baadaye ikashuka mvua yenyewe sasa. Mto ukapanda, maji yakawa udongo mtupu, nusu ya watu wakakunja vitu vyao. Mimi na Mzee tukahamia kandokando, maana maji yakichafuka trauti hana sababu ya kukaa katikati ashindane na mkondo, anajibana ukingoni palipotulia, hata kwenye maji ya magoti. Macho hayamsaidii sana hapo, anasikia mtikisiko kwa ule mstari wa ubavuni, kwa hiyo unampitishia kitu kikubwa cheusi, taratibu, karibu naye kabisa. Nilitoa mmoja wa kahawia, tumbo la manjano, madoa mekundu yamezungushiwa weupe, aisee mzuri! Nikamwachia humohumo majini, na kwa mara moja sikuhitaji kukumbushwa kulowesha mikono nisimtoe ute.

Halafu radi. Hapo Mwenyekiti alipotutoa wote nilimuunga mkono, fimbo ya kaboni inapitisha umeme, hakuna cha kubishana. Magogo yakianza kushuka na maji pia unatoka. Lakini radi ni radi na mvua ni mvua, yeye kavichanganya. Na kama anatafuta siku za kuahirisha aanze na zile za jua kali! Maji yakipita nyuzi 20 hewa inapungua, trauti anachoka vibaya, unamwachia anaondoka vizuri tu halafu anaenda kufia mbele huko. Mbona ile siku ya joto hakuna aliyetaka kura? Kwa sababu wao walikuwa wakavu, basi. Yani hii inaniudhi kuliko hata… haya, wacha.

Sasa ongea naye wewe, wewe anakusikiliza tangu ile ishu ya wavu. Na nifungie nzi weusi wachache, wakubwa, wenye uzito mwilini, wangu wamebaki kwenye mizizi kule ukingoni.

Vipi bega, unaweza kurusha sasa? Kura utakuja au utatuma neno kwa Mzee? Yule dogo bado anavua miti badala ya samaki? Na suruali yangu ya mpira uliyoazima, goti uliliziba au bado linavuja? Na unairudisha lini, au ndo ishakuwa yako?