Barua kwa mwanangu: jina la kuvu lisubiri kidogo

Mwanangu mpendwa,

Picha nimeipata. Hivyo vijinywele vya manjano vilivyosimama pembeni mwa bawa gumu la mbawakawa wako si nywele, wala si uchafu wa kupangusa. Ni kuvu za kundi la Laboulbeniales. Zimeshaelezwa spishi zaidi ya 2,000, na nyingi mno huishi juu ya mbawakawa. Zilizobaki ziko kwa nzi, mende, jongoo na wengineo.

Unataka jina. Jina lisubiri. Kabla hujaingiza sindano kuzing'oa, niandikie zimeota wapi: bawa la kushoto au la kulia, mbele au nyuma, mguu upi. Ukishazing'oa, habari hiyo haipatikani tena, hata ukiwa na hadubini ya bei gani.

Kuvu hizi hazina nyuzi zinazotambaa kama ukungu. Kila kimoja unachokiona kimetokana na spora moja (chembe ya kuzalia) yenye seli mbili, iliyonata kwenye gamba la mdudu, ikajishikiza kwa kiguu cheusi, ikakua papo hapo. Nyingi hazifiki hata nusu milimita. Maabarani hazikubali kukua hadi zikomae, na spora zake huhama wadudu wanapogusana, hasa wanapopandana. Ndiyo maana mara nyingi dume huwa nazo upande wa tumbo, na jike mgongoni.

Roland Thaxter, mtaalamu wa kuvu wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyechapisha majuzuu matano makubwa juu ya kuvu hizi kuanzia 1896 hadi 1931, aliziona zikichagua mahali kwa namna ya ajabu: umbo hili mguuni tu, lile ukingoni mwa bawa tu. Kwenye mbawakawa wa maji wa jenasi Laccophilus, kila umbo la Chitonomyces, jenasi mojawapo ya kuvu hizi, na mahali pake lilipewa jina lake. Ubishi kama kweli ni spishi mbalimbali ukadumu miaka. Mwaka 2012 vipimo vya DNA vikaonyesha kwamba baadhi ya hizo "spishi" ni spishi moja, inayobadili umbo kufuata sehemu ya mwili ilipoota. Ubishi huo usingewezekana hata kuamuliwa kama watu hawakuwa wameandika mahali.

Upande mwingine majina huongezeka. Wale mbawakawa wadogo wa mviringo wenye madoa hubeba kuvu za jenasi Hesperomyces, na kwa muda mrefu karibu zote ziliitwa Hesperomyces virescens. Zilipochunguzwa vizuri, ikabainika kuna spishi kadhaa zinazofanana, kila moja na mwenyeji wake, yaani mbawakawa inayeishi juu yake. Ile ya mbawakawa aitwaye Harmonia axyridis ikapewa jina la Hesperomyces harmoniae mwaka 2022. Kwa hiyo mtu aliyeandika "kuvu juu ya mbawakawa" bila kusema mbawakawa gani hakutuachia kitu. (Mimi huwa napekua hata wadudu wakavu waliochomwa pini makumbusho zamani. Kuvu bado zimo, na lebo zao huwa nzuri kuliko zetu.)

Kazi yenyewe si ngumu. Mbawakawa aliyekufa mweke kwenye ethanoli, mtazame chini ya hadubini ya ukuzaji mdogo, halafu mng'oe kuvu aliyekomaa kwa ncha ya sindano, ukianzia kwenye kile kiguu. Ukikikata kiguu umepoteza kitu cha kutambulia. Mweke juu ya slaidi, kile kipande cha kioo cha hadubini: tone la gliserini, kioo cha kufunika, ukingo uzibe kwa rangi ya kucha. Slaidi na mbawakawa wapewe namba ileile, na mbawakawa asitupwe kamwe. Tarehe, mahali alipokamatwa, jinsia yake na jina la mkamataji viandike kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu nyingi huyeyuka kwenye ethanoli.

Sasa huyo wako mgeuze chali, uniambie kama ana nyingine chini ya kifua, na kama ni dume au jike. Hapo ndipo tutazungumzia jina.

Wako,
Mama