Barua kwa mwanangu kabla hajapanda basi

Mwanangu,

Mbalamwezi imekomaa, hatuingii ziwani mpaka giza lirudi, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukuandikia. Jumatatu unakwenda Dodoma na mimi bado niko huku Igombe. Hela ya hosteli anayo mama yako. Kabla hujaishika nakuuliza: ile elfu arobaini iliyotoka kwenye simu yake, ulinunua nini kwenye gemu? Ameniambia bunduki. Bunduki ya picha.

Ulimwambia ulikuwa unafungwa mfululizo, ukapangiwa na jamaa mwenye silaha kali, ukaona bila ile huwezi. Ukainunua, ukashinda papo hapo. Maneno hayo yamenikosesha usingizi. Nilimsimulia mpangaji wetu, yule mwalimu wa kompyuta, akanisomea habari. Kampuni ya magemu ya Marekani, Activision, iliomba hataza, yaani haki ya kumiliki ubunifu wake, mwaka 2015, ikapewa Oktoba 2017. Mle imeelezwa namna ya kumpanga mchezaji mchanga na hodari mwenye silaha fulani ili naye aitamani. Akishanunua, apangiwe mechi ambayo silaha hiyo inafaa, aone hela yake haikupotea. Kampuni ilisema haijautumia mpango huo katika mchezo wowote. Sawa. Lakini nani hulipia ramani ya nyumba asiyoiwazia?

Mwaka huohuo watafiti, wakiwemo wa EA, kampuni nyingine ya magemu, walitoa andiko lao: badala ya kukutafutia mpinzani mnayelingana uwezo, kompyuta ikutafutie yule atakayekufanya usiondoke. Waliona aliyefungwa mara tatu mfululizo yuko karibu zaidi kuacha. Anayejua hilo anajua pia lini akuonjeshe ushindi. Umenielewa? Hata kushinda kwako kunaweza kupangwa na mtu.

Mimi kila usiku wa giza nawasha taa juu ya maji. Dagaa hawasukumwi, wanakuja wenyewe, na wavu umeshatanda chini yao.

Matokeo yako ya hesabu nimewaonyesha wavuvi wote wa mwalo huu, hata wasiojua kusoma. Kichwa kama hicho ndicho kingekuwa cha kwanza kuuliza nani anapanga mechi! Sikukatazi kucheza na wenzako. Ukifungwa mara tatu, zima simu ulale. Usinunue kitu usiku. Na namba ya siri ya mama yako usiiguse tena, hata kwa vocha.

Najua atakukumbusha mikeka yangu ya kubeti mpira. Ni kweli ile injini iliuzwa. Kila wiki nilikuwa nasema wiki ijayo inarudi. Simu yenyewe nilikununulia mimi, ili usiniulize kwa nini siji nyumbani.

Bati la jikoni, mwambie fundi asipige msumari kando ya tundu la zamani, litavuja tena masika. Bibi ana kliniki ya presha Alhamisi, mama yako asisahau kadi. Kiroba cha dagaa kilicho chini ya kitanda ni chako, wamekauka kwenye chanja, hawana mchanga. Usiwagawe wote kwenye basi.

Kuhusu ile elfu arobaini, nijibu wewe mwenyewe, usimtume mama yako. Ni bunduki moja tu, au kuna nyingine ambayo bado hajaiona?

Baba yako