Kidonda cha mmea kikaushwe, kisifunikwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wanaotunza maua barazani na sebuleni: msipake rangi ya mafuta, grisi wala tope kwenye shina mlilolikata. Vitu hivyo hufungia unyevu ndani, na unyevu ndio unaoozesha.

Chukua waridi la jangwani, lile lililovimba shina kwa chini. Mwili wake umejaa maji, hivyo kidonda huchelewa kukauka. Kwa sisi wa Pwani, lisipogolewe wakati wa masika; ngoja jua litulie. Futa kisu kwa spiriti ya asilimia 70, kiache kikauke, kisha kata mshazari, kama sentimita 1 juu ya jicho, yaani pale panapochipukia, ili tone la maji liteleze. Utomvu wake ni sumu, umewahi kupakwa hata kwenye mishale, kwa hiyo vaa glavu na usijiguse macho.

Sasa tazama uso wa mkato. Nyama yenye afya ni nyeupe au kijani hafifu, tena ngumu. Ukiona duara la kahawia, au mahali palipolegea kama embe lililopitiliza kuiva, uozo bado umo. Shuka sentimita 2, futa kisu upya, kata tena, mpaka uso wote uwe safi. Asiyefuta kisu hapo anauhamisha uozo kwa mkono wake mwenyewe. Kisha kausha kwa kitambaa safi, nyunyiza unga wa mkaa au wa mdalasini, utando mwembamba tu, na usimwagilie siku 4 au 5.

Kipande kilichotoka kisichomekwe siku hiyohiyo. Kilaze kivulini penye hewa siku 5 hadi 7, mpaka mwisho wake uwe mgumu kama gamba, ndipo kiende kwenye mchanga. Mwisho huo usiupake mdalasini, kwani hukausha hapohapo panapongojewa mizizi.

Mpira wa sebuleni, ule wa majani mapana yanayong'aa, hauhitaji unga. Utomvu wake mweupe huganda na kufunga kidonda wenyewe. Futa tu kwa kitambaa chenye maji, na utandike gazeti chini, maana ukidondokea zulia hautoki. Ua la kutambaa lenye majani ya umbo la moyo halidai dawa yoyote: kata chini ya kifundo, yaani pale jani linaposhika shina, tia majini kifundo kizame.

Kwa yote, mbolea isubiri mpaka machipukizi mapya yaonekane.

Mwenye kitalu cha maua,
Tanga