Taarifa ya mwenyekiti ya mwaka: wachinjwa, machotara na ile faini ya mwezi wa saba

Wazee wangu, mama zangu, na nyie vijana mnaokuja mkutanoni kwa ajili ya pilau tu, habari za siku. Mwaka huu taarifa ya chama chetu cha uvuvi nimeamua kuiandika, maana mwaka jana niliposimama kuisoma nilikatizwa kila sentensi mpaka pilau likapoa.

Mambo ya hela nayamaliza haraka. Ada imelipwa na watu wengi, si wote, wenyewe mnajijua. Daftari analo mhazini, anayetaka kuliona amfuate yeye, asinipigie mimi saa nne usiku. Boti tuliyosema tutanunua hatujanunua, tunaendelea kukodi. Leseni kila mtu ajikatie mwenyewe, huo mzigo chama hakiuwezi.

Sasa ile habari ambayo mnajua nitaisema. Mwezi wa saba tulitoka hapa Boise, jimbo la Idaho, Marekani, saa nane usiku, magari matatu, masaa kama matano mpaka Swan Valley, kwenye ule mto wa South Fork wa Snake. Mto huo tunaupenda kwa sababu moja na tusidanganyane, reinbo, yaani trauti wa kigeni aliyeletwa tu, na machotara wake unachukua bila kikomo, tangu 2004 ndo sheria ya Idaho ilivyo pale. Kwa watu waliokulia Uvira, Kalemie au Kigoma, ambao ukiwaambia vua halafu rudisha wanakuangalia kama una homa, pale roho inatulia. Ila kuna samaki mmoja hagusiki, lazima arudi majini mzima, naye ni katithroti, sisi tumemzoea kwa jina la mchinjwa kwa ule mstari mwekundu chini ya taya kama aliyepitishiwa kisu. Huyo ndo mwenyeji wa mto, reinbo akizaana naye ndo anapatikana chotara, na tangu 1990 ndo samaki rasmi wa jimbo zima.

Basi mzee wetu mmoja akavuta samaki mkubwa, mnene, mashavu pinki kabisa. Akaniita, mwenyekiti njoo, huyu nani? Mi nikatupa jicho mara moja kwenye yale mashavu nikasema chotara huyo, weka kwenye barafu. Jioni pale boti zinapotolewa majini askari wa samaki akafungua kuleri, akamgeuza, akamnyoosha pezi, akauliza nani kakwambia huyu ni chotara. Mzee hakunitaja. Nilijitaja mwenyewe, lakini samaki alikuwa wake na leseni yake, karatasi ikaandikwa jina lake. Faini nimeilipa mimi, mfukoni kwangu na sio hela ya chama, nawajibu wale walioanza kuulizana pembeni.

Nilikosea kwenye mashavu. Mchinjwa naye huwa anapata wekundu mashavuni, na mimi nimezoea reinbo wanaomwagwa hapa mjini kwenye Boise River, kwa hiyo kichwani kwangu pinki ilikuwa na maana moja tu. Tangu siku ile nimekaa na picha zenu zote za mwaka, moja baada ya nyingine, nazilinganisha na michoro ya Idaho Fish and Game, ile idara ya jimbo ya samaki na wanyamapori, mpaka mke wangu akaniuliza kama hao samaki ni ndugu zangu.

Nilichokiona ni kwamba mstari wa kooni peke yake hautoshi. Chotara naye anao, kuna ambao umefifia na kuna ambao ni mwekundu vilevile, kwa hiyo mstari unakwambia tu kwamba kwenye ukoo yupo mchinjwa, haukwambii kama kuna mgeni aliyeoa humo ndani. Mgeni anajulikana utosini na kwenye mapezi. Mchinjwa safi wa mto ule, yule wanayemwita wa Yellowstone, utosini ana madoa machache sana au hana kabisa, na madoa yake ya mwilini ni makubwa, ya mviringo, yamejazana nyuma kuelekea mkiani kama mtu aliyemwagiwa pilipili manga huku anakimbia. Reinbo madoa yake ni madogo yametapakaa kote mpaka juu ya kichwa. Ukikuta koo jekundu halafu utosi umejaa madoa, huyo ni chotara. Alafu mgeuze utazame yale mapezi mawili ya tumboni, na lile moja la chini karibu na mkia: reinbo na chotara ncha yake kwa mbele ina weupe kama kucha iliyopakwa rangi, mchinjwa safi weupe huo hana, mapezi yake ni ya rangi ya chungwa au njano njano hivi. Na weupe wenyewe unauona vizuri samaki akiwa bado majini ndani ya neti ametulia, sio ukishamnyanyua juani anarukaruka na watu wanne wanapiga picha.

Yule wa mzee nimemwangalia tena. Utosi safi, mapezi hayana weupe hata chembe. Vyote vilikuwa mbele yangu.

Wachache wenu mmesikia habari ya meno, kwamba mchinjwa ana meno madogo nyuma ya ulimi na reinbo hana. Ni kweli, lakini chotara anaweza kuwa nayo pia, na kumtia kidole kooni samaki unayetakiwa kumrudisha hai si ndo umeshamuua. Achaneni nayo. Na ndugu zetu waliohamia Missoula, mchinjwa wa huko ni mwingine, madoa yake ni madogo, na kuanzia pezi la kifuani mpaka lile la chini nyuma kuna sehemu kama upinde ambayo haina doa, sasa msichukue kipimo cha huku mkaenda nacho Montana mkaanza kumwita kila samaki chotara.

Mama mmoja aliuliza swali ambalo kwangu ndo swali la mwaka: kwani chotara kakosa nini, si samaki tu, tena mtamu? Wa Mwanza na Kisumu hapa wananielewa haraka. Ngege ndo alikuwa mwenyeji wa Ziwa Victoria, miaka ya 1950 akaletwa sato, akaletwa na sangara, leo ngege nenda kamtafute. Alibanwa, aliliwa, na pia alizaana na mgeni. Huku ni hivyohivyo, maana huyu chotara sio nyumbu wa punda na farasi, anazaa, watoto wake wanazaa, na kila kizazi damu safi inapungua bila mtu kuua samaki hata mmoja. Reinbo wengi wanataga kwenye mto wenyewe, wachinjwa wengi wanapanda vijito kama Burns Creek na Pine Creek, ndo maana vijito hivyo vimewekewa vizuizi, samaki anakaguliwa kwa mkono, mwenyeji anapita na mgeni anatolewa. Hata bwawa la Palisades la 1957, kwenye mto huohuo, limo kwenye hii kesi, maji ya theluji yakishatulizwa na bwawa reinbo anataga kwa raha zake, ndo maana siku hizi wanajaribu kuyafungulia kwa nguvu majira ya kuchipua ili wamvuruge.

Mama hakuishia hapo, akasema mbona kwenye ziwa la Henrys Lake serikali hiyohiyo inamwaga machotara makusudi. Wale wametengenezwa tasa, mama yangu. Wananenepa, wanavuliwa, habari inaishia hapo.

Suala la vichwa. Tangu 2010 Fish and Game wanaweka kijiwaya kidogo sana puani kwa baadhi ya reinbo na machotara wa South Fork, huwezi kukiona kwa macho, unapeleka kichwa ofisini kwao Idaho Falls wanakipima kwa mashine, chenye waya kina zawadi kuanzia dola 50 mpaka 1000. Mwaka huu tulipeleka mfuko mmoja tu wa vichwa na hatujapata hata senti. Nimeuliza kwa nini mfuko mmoja wakati samaki walikuwa wengi, nikaambiwa vichwa vililiwa. Nawaelewa, kichwa ndo utamu wenyewe, na mimi kwenye mchuzi wa nazi sijivungi, lakini basi msije mkutanoni kuniuliza zile dola elfu ziko wapi.

Watakaokwenda Yellowstone wasibebe sheria za South Fork. Kule kibali ni cha hifadhi yenyewe, na bonde la mto Lamar kuanzia kwenye daraja la mto huo kwenda juu, ikiwemo Slough Creek na Soda Butte, reinbo au chotara unayemtambua ni lazima umuue, kumrudisha ndo kosa. Ni sheria ngumu kwa macho yaliyozoea sheria nyingine, kwa hiyo asiyejua kutofautisha akavue kwingine kwanza.

Mwakani tutafanya hivi. Samaki habebwi na mtu mmoja kusema. Anabaki ndani ya neti majini, mikono ilowanishwe, watu wawili wamtazame utosi na mapezi, wakibishana au wakisitasita anarudi mtoni, hata awe mkubwa kama mtoto wa darasa la kwanza, na ile ya mwenyekiti kasema naifuta kuanzia leo. Mzee wetu ndo nimemwomba awe mkaguzi wa boti ya kwanza, amekubali, na ameshaanza kunikagua mimi.

Safari ya South Fork ni mwezi wa saba tena, maji yakishashuka. Vichwa safari hii vinakatwa palepale na kuwekwa kwenye mfuko kabla sufuria haijatoka kwenye gari. Na kuleri kubwa ya chama, ile ya bluu, iko kwa mtu tangu mwezi wa nane, sitamtaja, airudishe kabla ya Jumamosi na aioshe.