Asante, dada wa kwenye rundo la masweta

Dada uliyeinama kando yangu tukichambua mitumba Jumamosi, jina lako sikuuliza, ila asante sana. Nilishaikumbatia sweta ya bluu nikaifumue nipate uzi. Ukaigeuza ndani nje, ukanionyesha mshono: "Hii imepigwa overloki, ile mashine inayokata ukingo huku ikiushona, uzi umeshakatwa, utaambulia vipande tu. Chukua ile ya kijivu."

Kweli, ya kijivu ilifumuka mstari kwa mstari, uzi mrefu usiokatika, binti yangu akiuzungusha kwenye mgongo wa kiti huku akicheka. Tuliuosha kwa maji ya uvuguvugu, tukauning'iniza na kitu kizito chini ili mikunjo inyooke. Sasa anamfumia mdogo wake kofia. Mungu akuzidishie, dada yangu.